Kabla Mtoto Hajaingia Kidimbwini, Uliza Swichi Iko Wapi

Ikiwa wewe ni mzaliwa wa Nairobi na hujawahi kufika Othaya, hebu nikueleze jambo moja kwanza. Kule ni baridi. Mji wenyewe umeketi chini ya milima ya Aberdare, katikati ya majani chai na kahawa, na ifikapo Julai ukungu hushuka asubuhi hata ng'ombe wako umsikie tu zizini bila kumwona. Mto Gura unaoteremka kutoka huko juu una kasi, na maji yake ni kana kwamba yametolewa kwenye friji. Wazee waliooga humo wakiwa vijana wanakumbuka meno yalivyokuwa yakigongana. Hakuna aliyeita jambo hilo starehe.

Ndiyo sababu shemeji yangu alipotangaza kwamba amejenga kidimbwi cha kuogelea nyuma ya nyumba yake mpya, wengi wetu tulicheka. Kidimbwi, Othaya? Lakini nyakati zimebadilika. Wana wa huko wanaofanya kazi Nairobi na ng'ambo wanarudi kujenga nyumbani, na wajenzi wengine wana nia ya kukodisha nyumba kwa wageni wa wikendi. Isitoshe, watoto wetu wa mjini wamefundishwa kuogelea shuleni na kwenye hoteli, na wakifika kwa guka yao wanauliza maji yako wapi.

Desemba iliyopita tulikusanyika huko, jamii nzima, kumshukuru Mungu kwa ajili ya baba mkwe wangu aliyetimiza umri wa miaka 80. Hema zilisimamishwa uani, mbuzi wakachinjwa, na kijana mmoja akaletwa na spika zake kubwa ili watu wacheze. Kijana huyo alivuta waya kutoka dirisha la jikoni, akauunganisha na mwingine, akafunga mahali hapo kwa utepe mweusi, kisha akaupitisha kando ya kidimbwi, hatua mbili tu kutoka majini. Nakiri kwamba niliuona. Nilisema moyoni, "Hili si jambo zuri," kisha nikaitwa kugawa chapati nikasahau.

Mnamo saa tisa hivi watoto saba walikuwa wanaogelea. Mmoja wao, msichana wa miaka tisa, akanijia huku maji yakimdondoka, mikono ameikunja kifuani.

"Anti, maji yanauma."

Nikamwambia ni baridi, ajifunge taulo anywe chai. Mamake aliyekuwa karibu alisema vivyo hivyo. Ni nani asingesema hivyo Othaya? Mtoto akatikisa kichwa.

"Si baridi. Yanauma vidole ukishika ngazi. Sasa tunashindana, nani atashika kwa muda mrefu."

Baba mkwe wangu alikuwa ameketi hapo kando, blanketi magotini. Mzee huyu alifanya kazi kwenye chumba cha mitambo cha kiwanda cha chai kwa zaidi ya miaka 30. Sijapata kumwona akiinuka upesi namna ile.

"Msishike ngazi!" akapaza sauti. "Ondokeni kwenye ngazi, kaeni katikati! Zimeni stima!"

Zimeni stima. Maneno mawili mepesi, lakini stima inazimwa wapi? Kijana wa muziki alidhani ni yeye anayekemewa, akachomoa plagi yake, na watu walio hemani wakaanza kunung'unika. Shemeji alikimbilia swichi kuu ndani ya nyumba. Ilikuwa kwenye kabati chini ya ngazi, na kabati lilikuwa limefungwa kwa kufuli ili watoto wasichezee. Ufunguo ulikuwa na msichana wa kazi, naye alikuwa ametumwa dukani kununua sukari. Mbele ya kabati kulikuwa na kreti sita za soda. Huko nje mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa bado majini alitupa viatu tayari kuruka. Mzee akamshika mkono kwa nguvu. "Ukiingia tutawatoa wawili," akamwambia.

Kabati lilivunjwa kwa teke. Nadhani zilipita dakika tatu kabla nyumba haijazima. Watoto walitoka wakicheka, wakidhani watu wazima wamepagawa. Hakuna aliyeumia. Nimeandika makala mengi kwenye ukurasa huu kuhusu watu walioumia, na leo namshukuru Mungu kuandika juu ya watu ambao hawakuumia.

Kilichotokea tulikielezwa Jumatatu iliyofuata alipokuja fundi mwingine, huyu akiwa na leseni. Sisi sote tulikuwa tumeshauhukumu ule waya wa muziki. Ulikuwa waya mbaya kweli, lakini siku hiyo haukuwa na hatia. Mkosaji alikuwa pampu ya kuchuja maji, ambayo ilikuwa imefichwa kwenye kibanda chake na hakuna aliyeitazama. Unyevu ulikuwa umeingia ndani ya mota yake na stima ikaanza kuvuja hadi kwenye maji. Ule waya wa rangi ya kijani na manjano, ambao kazi yake ni kuipeleka stima iliyopotea ardhini, ulikuwa umekatwa mfupi na kuachwa ukining'inia. Fundi wa kwanza aliona pampu inazunguka, akapokea pesa zake akaenda. Na pampu bila waya ule huzunguka vizuri kabisa. Hapo ndipo hatari ilipo.

Basi maji yalikuwa na stima kidogo, na ngazi ya chuma ilikuwa imechimbiwa kwenye saruji, yaani ardhini. Mtoto aliyeelea katikati hakuhisi lolote. Aliyenyoosha mkono akashika ngazi alikuwa amefungua njia ya stima kutoka majini, kupitia mwili wake, hadi ardhini. Mfano wake ni ndege anayetua juu ya waya wa Kenya Power. Anaimba tu, kwa kuwa miguu yake yote miwili iko mahali pamoja. Angalikuwa na mguu mmoja kwenye waya na mwingine ardhini, tungemwokota.

Huenda ukauliza, mbona fyuzi haikukatika? Swali hili nilimwuliza fundi, naye akanipigia hesabu kwa kijiti mchangani. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Mwili uliolowa una upinzani mdogo, unaweza kuwa wa omu 1,000 hivi. Gawanya: stima itakayopita mwilini ni miliampea 240, yaani chini ya robo ya ampea moja. Fyuzi ya plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Kwa fyuzi hiyo, mtu anayekufa ni kama balbu ya wati 60 iliyowashwa. Haimtambui. Kazi ya fyuzi ni kulinda nyaya zisiungue, wala haikuundwa kwa ajili yako wewe.

Mwili wenyewe unahitaji kidogo sana ili uharibike. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, alichunguza jambo hili kwa watu waliojitolea. Walishika waya, akaongeza stima kidogo kidogo hadi wakashindwa kuuachilia, kwa maana misuli ya mkono ilikuwa imejikaza yenyewe. Kwa wastani wanaume walishindwa kwenye miliampea 16, na wanawake kwenye miliampea kumi na nusu. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka mchezo wa watoto wetu pale ngazini, nikaweka kitabu chini kwa muda. Kushindana nani atashika kwa muda mrefu! Siku hiyo stima iliyovuja ilikuwa ya kuwasha vidole tu. Wiki moja zaidi ya unyevu ndani ya ile pampu, na mshindi hangeachilia.

Na ujue kwamba mtoto ambaye misuli yake imekazwa na stima majini hapigi kelele wala haungui. Anazama. Watu wakimtoa watasema amelemewa na maji, na siku mbili baadaye wengine watarudi kuogelea palepale.

Dalziel huyohuyo ndiye aliyeunda, mwaka 1961, kifaa cha kukata stima kabla mtu hajafa. Kifaa hicho hupima stima inayotoka na inayorudi. Zikilingana, sawa. Ikipungua iliyorudi, maana yake ni kwamba kuna inayopotea njiani, labda kupitia kwa mtu, na kifaa hukata papo hapo. Wamarekani walianza kukidai katika kanuni zao kwa ajili ya taa za ndani ya vidimbwi mnamo 1968. Kwetu mafundi hukiita RCD. Kinachofaa ni kile cha miliampea 30, na sharti kikate chini ya theluthi moja ya sekunde. Kina kitufe chenye herufi T. Ukikibonyeza, stima inapaswa kukatika. Isipokatika, kifaa kimekufa na wewe hukujua. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Nyumba ya shemeji haikuwa nacho. Ilikuwa na marumaru kutoka ng'ambo na lango linalojifungua lenyewe, lakini kifaa hicho hakikuwamo.

Kanuni za kimataifa za IEC kuhusu vidimbwi si ngumu kama wengi wanavyodhani. Taa iliyo ndani ya maji iwe ya volti 12, na kile kisanduku cha kupunguza volti kikae mbali. (Taa ya shemeji, nisije nikasahau, ilikuwa ya volti 240, iliyonunuliwa kwa kuwa ina mwanga mzuri.) Kutoka ukingoni hadi mita 2, na kwenda juu mita 2 na nusu, pasiwe na soketi. Kwa mita moja na nusu zaidi ya hapo soketi inaweza kuwekwa, lakini ilindwe kwa RCD. Tena vyuma vyote vinavyozunguka maji, yaani ngazi, vishikio, nondo za saruji na mwili wa pampu, vifungwe pamoja kwa waya mmoja mnene ili visipitane kwa stima. Ndiyo hadithi ya ndege tena: kila unachokishika kikiwa sawa na kingine, stima haina safari ya kufanya ndani yako.

Kazi hii si ya kijana wa mtaani ambaye alitengeneza redio yako ikalia. Nchini Kenya fundi wa kufunga nyaya za stima anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA, ambayo ina madaraja, na hata Kenya Power huhitaji cheti cha kukamilika kwa kazi kabla ya kuleta stima kwenye nyumba. Lakini pampu na kidimbwi huja baadaye, mita ikiwa imeshawekwa, na hapo hakuna anayekuuliza cheti. Mwulize fundi mwenyewe leseni yake. Akikasirika, umeokoa pesa zako. Na ikiwa una jenereta kwa ajili ya zile siku za mvua stima inapopotea, mwonyeshe hiyo nayo, kwa sababu jenereta iliyounganishwa ovyo inaweza kuifanya kazi yote nzuri ya RCD kuwa bure.

Najua baadhi yenu mnataka kufungua ukurasa mwingine mkisema, "Sisi twaishi Umoja, vyumba viwili, kidimbwi cha nini?" Subiri. Je, una ile shawa ya stima inayopasha maji moto hapo kichwani mwako? Hicho ni kidimbwi chako. Maji ni yale yale, na mwili uliolowa ni ule ule. Ukigusa bomba na vidole vikawashwa, usiseme ni kawaida ya shawa hizi, wala usiivae ile sandali ya mpira kama dawa. Nimesikia watu wazima, waliosoma, wakishauriana kuhusu sandali! Zima stima, usioge, mwite fundi. Shawa hiyo nayo inahitaji waya wa ardhini na RCD.

Nanyi wanafunzi mnaopelekwa kuogelea kwenye hoteli za Nyeri au Nanyuki wakati wa ziara, au wazazi mnaowalipia watoto Jumapili, hamwezi kufungua pampu ya mwenye hoteli. Lakini mna macho. Tazama kama taa ya chini ya maji imejaa maji ndani ya kioo chake au imelegea ukutani. Tazama kama kuna ekstensheni ya kuchajia simu imelazwa kwenye vigae vilivyolowa, au feni, au spika. Kisha mwendee mhudumu kwa heshima umwulize, "Samahani, swichi ya kuzima stima ya hapa iko wapi?" Akikuonyesha kwa kidole bila kufikiri, keti ustarehe. Akisema, "Ngoja niulize meneja," basi mtoto anywe soda kwanza. Niliuliza swali hili hoteli moja mwezi Februari na mhudumu alinitazama kana kwamba nataka kuiba mita. Lakini alikwenda akauliza, na nina hakika sasa anajua.

Na ngurumo ikisikika juu ya mlima, watu wote watoke majini. Hiyo ni stima ambayo haina swichi.

Sasa nije kwa lile lililomfanya mzee amshike yule mama mkono. Mtu akikazika majini na unashuku stima, usiruke. Najua ninachosema ni kigumu. Mimi pia ni mama. Lakini ukiruka stima inakukamata wewe vilevile, na waliobaki nje wanakuwa na watu wawili wa kuwatoa. Zima swichi kuu kwanza, au tuma mtu mmoja kwa jina lake, si "mtu azime". Walio majini na bado wana nguvu waambie wajitenge na ngazi, taa na vyuma vyote. Kama swichi haipatikani, msukumie au mvute aliyekwama kwa kitu kikavu kisicho chuma: boya, kamba kavu, mti mrefu wa ufagio. Ukisimama kwenye maji yaliyotapakaa ukingoni, hata hilo si salama.

Akishatolewa, tazama kama anapumua. Ikiwa hapumui, usipoteze muda kumpekechapekecha tumbo ili atapike maji. Mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya misukumo 30 mpulizie pumzi mbili. Endelea hadi msaada ufike. Hata yule anayeinuka na kusema yuko sawa apelekwe hospitali, kwa kuwa stima inaweza kuuvuruga mpigo wa moyo. Waliopo Othaya wana bahati ya kuwa na Hospitali ya Mwai Kibaki karibu, lakini hakuna gari la wagonjwa litakalofika katika dakika zile nne au tano za kwanza. Hizo ni zako wewe uliyesimama hapo.

Sisi tulirudi Othaya wakati wa Pasaka. Kabati la chini ya ngazi halina mlango tena. Nje, kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, kuna swichi nyekundu kubwa ambayo hata mtoto anaweza kuifikia, na shemeji amewafundisha wote kuizima. Ngazi imefungwa waya mpya, na taa ya chini imeondolewa kabisa. Kabla ya watoto kuingia, mzee alidai kitufe cha T kibonyezwe mbele ya macho yake. Kikabonyezwa, nyumba nzima ikazima, na huko jikoni mama mkwe akalalamika kwa sauti kwamba chai yake ilikuwa inakaribia kuchemka.

Yule msichana alikuwa ameketi ukingoni, hataki kuingia. Guka yake akazima pampu kwa ile swichi nyekundu, akaja akasimama nyuma yake bila kusema kitu. Baada ya kitambo msichana akatumbukiza kidole kimoja cha mguu, halafu mguu mzima, halafu akanyoosha mkono polepole akashika ngazi.

"Ni baridi tu," akasema.